Muulizeni mwenyewe: barua za mwezi huu kuhusu wasioskia na wasioona

Hamjambo wasomaji wangu. Mwezi uliopita nilijibu mama mmoja kuhusu mtoto wake anayevaa mashine ya masikio, na nikapitisha mstari mmoja tu kwamba dadangu mkubwa, Allah amrehemu, alizaliwa kiziwi na miaka yake 11 ya mwisho aliishi haoni pia. Kumbe mstari ule umegusa watu wengi. Barua zimekuja mpaka nikashangaa, manake huko mtaani utadhani watu wa aina hii hawako, na wako, wamefichwa tu vyumba vya ndani. Shirikisho la dunia la viziwi wasioona lilitoa ripoti mwaka 2018 likasema ni kati ya asilimia 0.2 na 2 ya watu wote duniani, yaani katika kila watu 1000 ni kuanzia wawili mpaka 20. Sasa hebu piga hesabu ya Mombasa peke yake.

Nimechagua barua tatu. Majina nimeyatoa.

*

Shangazi, shikamoo. Mie nna miaka 31, twaishi Mji wa Kale upande wa Kibokoni. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26, alizaliwa haskii, akasoma shule ya viziwi ya Ziwani, sasa ni fundi seremala na mikono yake ni mizuri sana. Kama miaka mitatu hivi ikiingia magharibi ajigonga kila mahali, amwaga vikombe vya chai, ukimpungia mkono kutoka ubavuni hakuoni mpaka usimame mbele yake, juzi kidogo tu agongwe na tuktuk. Mtaani wasema analewa. Mamangu asema ni jini, ameshafanyiwa visomo na kuna mganga amekula pesa nyingi hata naona haya kuzitaja. Stima ikipotea ukimzungumzisha kwa alama akasirika aingia chumbani afunga mlango. Daktari mmoja alimwangalia dakika mbili akampa miwani, haikusaidia kitu. Babangu na mamangu ni watoto wa ami. Je, ni jini kweli? Ina dawa? Kuna mahali twaweza kusaidiwa? Na twaogopa kumwambia chochote asije akavunjika moyo.

Marahaba mwanangu, na pole, barua yako nimeisoma mara tatu.

Nianze na hili la mwisho uliloliweka kama dogo. Umeniambia mama asema nini, mtaa wasema nini, mganga alisema nini na daktari alisema nini, lakini yeye mwenyewe asemaje hukuniambia. Wallahi sikulaumu, mie nimefanya hayohayo. Tulikuwa kliniki na dadangu, daktari aniuliza mimi, ana miaka mingapi, anaumwa wapi, alala vipi, na mie najibu tu, hodari wa kujibu. Dadangu akanivuta mkono akaniuliza umeambiwa nini, nikamwambia nitakwambia nyumbani. Hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu aliniambia maisha yake yote ameishi kwa hilo neno, nitakwambia baadaye, kwenye harusi baadaye, kwenye msiba baadaye, na sasa mpaka mwili wake mwenyewe aambiwe baadaye. Kwa hivyo mdogo wako ajua kuna kitu, mtu hajigongi miaka mitatu bila kujua, na anavyofunga ule mlango ni kwa sababu yuko peke yake na hiyo hofu. Kaa naye mchana, mahali pana mwanga mzuri, umuulize aona nini na haoni nini. Usiende popote kabla ya hapo.

Sasa, jini. Mie si daktari na siwezi kumpima kwa barua, lakini uliyoyaeleza, kiziwi tangu kuzaliwa, halafu giza lamsumbua, halafu pembeni haoni, yafanana sana na ugonjwa uitwao Usher, hospitali utawaskia wakitamka Asha usije ukadhani wamtaja mtu. Jina latokana na daktari wa macho wa Scotland, Charles Usher, aliyeandika mwaka 1914 kwamba huu ugonjwa warithiwa. Nyuma ya jicho kuna utando waitwa retina, na kwenye huo utando kuna chembe za kuonea gizani na pembeni, basi hizo ndo zaanza kufa kidogo kidogo, mduara wapungua mpaka mtu awa kama aangalia kupitia bomba la maji, cha mbele akiona vizuri kabisa, cha ubavuni hakipo. Ndo maana ile miwani haikufanya kitu. Na ndo maana watu wasema aona pesa chini lakini hamwoni mtu aliyesimama kando yake, wadhani aigiza. Haigizi. Na wengi hubaki na ule mwono wa katikati kwa miaka mingi, hilo umwambie pia.

Ugonjwa uko wa aina tatu. Wa kwanza mtu azaliwa kiziwi kabisa na mara nyingi hachangamki kusimama, achelewa kutembea, ipita mwaka mmoja na nusu ndo aanze, manake sikio la ndani ndilo pia lashika mizani ya mwili. Muulize mama, mdogo wako alitembea lini? Aina ya pili mtu askia kidogo tangu utotoni na macho yaanza kusumbua akibaleghe. Ya tatu yaja polepole, masikio na macho vyote viwili, mtu akiwa tayari ashaskia na kuona vizuri.

Kuhusu wazazi kuwa watoto wa ami, nakujibu kwa upole kwa sababu najua nyumba zetu. Kila mtu abeba nakala mbili za kila jeni, moja ya baba moja ya mama. Ugonjwa huu watokea pale mtoto anapopata nakala mbovu zote mbili, na aliye na moja tu haumwi wala hajui kama anayo. Watu wa ukoo mmoja ni rahisi zaidi kubeba nakala mbovu ileile, ndo hivyo tu, na hata wakiwa wote wanayo kila mimba ina nafasi moja kwa nne. Hakuna aliyemroga na hakuna aliyekosa, mama asijilaumu. Ila wewe nawe waweza kuwa umebeba, kwa hivyo ukiposwa na binamu zungumza na daktari kwanza. Na mama akitaka kuendelea na dua aendelee, dua haijawahi kumzuia mtu kwenda hospitali. Yule mganga ndo msimrudie.

Dawa ya kuirudisha retina hakuna kwa sasa, utafiti waendelea sehemu nyingi. Mtu akikuuzia vitamini A za nguvu kwa jina la kutibu macho usinunue, ikizidi mwilini yaharibu ini. Lakini kupimwa ni lazima, manake yaweza kuwa kitu kingine kinachotibika. Nendeni kliniki ya macho ya hospitali kuu ya Pwani pale Makadara, au Lighthouse for Christ, au mkivuka Likoni kuna Kwale Eye Centre. Waambieni mwataka retina iangaliwe kwa dawa ya kupanua mboni na mwataka kipimo cha upana wa kuona, hiki cha pili ndo chaonyesha lile bomba. Mwende na mkalimani au wewe mwenyewe, na hapa kuna jambo hakuna atakayewaambia: chumba cha kupimia ni giza, alama hatoziona. Kwa hivyo kabla taa haijazimwa mkubaliane, nikikugonga goti mara moja angalia juu, mara mbili angalia chini, nikikushika bega tulia. Dadangu hakuna aliyemwandaa, taa ikazimwa, mtu akamshika kichwa kwenye giza, akapigana, wakamwandika mkorofi. Na ile dawa ya mboni hufanya mwanga uumize kwa saa kadhaa, mbebe kofia, na mrudi mkono kwa mkono.

Nyumbani sasa. Nyumba zetu za Mji wa Kale nazijua, ngazi zimesimama kama ukuta na kila kidato kina kimo chake, basi nunueni rangi ya manjano mpige mstari kwenye ukingo wa kila kidato, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa, ulioachwa nusu ndo wapasua watu paji la uso. Ndoo na majiko yasihamehame. Ukisema naye rudi nyuma hatua mbili ili mikono yako yote iingie kwenye ule mduara wake, uzilete alama karibu na kifua usizitanue, na mwanga ukuangukie wewe si yeye. Vaa kitu cha rangi moja nyuma ya mikono. Dadangu alikuwa asema hakuna mtu amwelewa upesi kama mamangu akiwa na buibui lake jeusi, mikono yaonekana kama imewashwa taa, na mie na madira yangu ya maua alikuwa anifukuza nikabadilishe.

Na stima ikipotea, mkono. Hili ndo naomba mlianze sasa angali aona, msingojee. Atakuwekea mikono yake juu ya yako kwa wepesi, si kukubana, na wewe utatoa alama zilezile za Ziwani alizozijua tangu utoto na yeye atazisoma kwa kugusa. Mwanzo mtachoka, mabega yatauma, mtafanya makosa na mtacheka. Lugha yake ataendelea nayo, yahama tu kutoka machoni kuja viganjani. Ukimjia mguse bega polepole uache mkono pale kidogo ajue ni nani, mie nilikuwa namgusisha dadangu bangili yangu, ilikuwa ndo jina langu. Ukiondoka mwambie waondoka, usimwache akiizungumzisha hewa. Njiani usimvute, mpe kiwiko ashike yeye. Na mfunzane alama moja ya hatari, wenzetu Marekani huchora X kubwa mgongoni mwa mtu, maana yake kuna hatari toka sasa hivi maswali baadaye, hapo peke yake ndo baadaye yaruhusiwa.

Fimbo ya asiyeona ni nyeupe, ya kiziwi asiyeona ina mistari myekundu na myeupe, dunia nyingi yatambulika lakini hapa kwetu dereva wa tuktuk haijui, kwa hivyo awe pia na kadi mfukoni imeandikwa kwa herufi kubwa: mimi ni kiziwi, sioni vizuri, niguse bega. Pale feri mchana wa saa za kazi watu wakisukumana hiyo kadi ina maana.

Msaada wa serikali waanzia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwapimwa kwanza na madaktari wa hospitali ya serikali halafu mwajisajili apate kadi. Kama ameshasajiliwa kama kiziwi zamani nendeni mkaongeze macho, tena msisitize, manake ukiandikwa uziwi pekee watakupa mkalimani wa kumwangalia kwa mbali, na ukiandikwa upofu pekee watakupigia simu. Kwa kadi hiyo aweza kuomba vifaa, na akiwa na kipato rasmi aweza kuomba msamaha wa kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Walio na ulemavu mkubwa kwenye nyumba zisizojiweza kuna zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali, si nyingi lakini ni haki. Shirika la Sense International, hawa kazi yao ni viziwi wasioona khasa, lafanya kazi hapa Kenya, waandikieni. Na mkiambiwa mahali hakuna mkalimani mjue Katiba ya 2010 kifungu cha 54 yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, breli na njia nyingine zinazomfaa. Njia nyingine zinazomfaa, hapo ndo mkono waingia.

Kazi yake ya useremala asiiache. Abadilishe mpango tu, mbao na randa mahali pamoja, taa kubwa juu ya meza, msumeno wa mashine azungumze na mwenye karakana aone kama aufanye mwingine. Na amsome habari Haben Girma, mwanasheria wa Marekani ambaye mamake alikimbia Eritrea, haskii vizuri haoni, alimaliza sheria Harvard mwaka 2013 akiwa kiziwi asiyeona wa kwanza kufanya hivyo. Mtafutie video yake yenye maandishi chini, muangalie pamoja.

*

Mwanangu, salaam. Mimi ni mama mtu mzima wa Kisauni. Mume wangu ana miaka 79. Masikio yalianza kwenda kitambo, sasa na macho pia. Baraza haendi tena, msikitini mpaka apelekwe na mara nyingi akataa, ashinda kitandani. Watoto wasema baba ameanza kuchanganyikiwa, ukimuuliza hili ajibu lile. Mimi simuoni kama amechanganyikiwa. Nifanye nini?

Shikamoo mama. Mie nakuamini wewe uliyelala naye nyumba moja miaka yote hiyo kuliko hao watoto.

Mtu ambaye masikio yamepungua polepole husoma midomo bila kujua kama asoma. Kwa hivyo macho yakianza kwenda, ghafla yaonekana kama masikio yamekufa kabisa na akili juu yake, kumbe yeye ashika nusu ya neno na kubahatisha nusu. Ajibu lile kwa sababu hilo hakuliskia. Wengi wa wasioskia na wasioona duniani ni wazee kama yeye, na kwa bahati mbaya ndo wanaoachwa bila kupimwa, yaambiwa tu ni uzee.

Mpelekeni apimwe vyote viwili. Masikio yaangaliwe nta kwanza, kitu cha dakika chache na wengine warudi waskia. Macho, kama ni mtoto wa jicho huo hufanyiwa upasuaji na mtu akaona tena hata akiwa na miaka 79. Kama ni presha ya macho kilichopotea hakirudi ila matone huzuia kisiende chote, na hiyo haingoji, kila mwezi mkikaa ni hasara. Na mumuulize daktari kuhusu sukari, manake sukari yaharibu retina kimyakimya. Mashine ya masikio akipewa asilazimishwe siku nzima, aanze saa moja mbili nyumbani pakiwa kimya, akivaa mara ya kwanza barabara ya Kisauni ataitupa.

Nyumbani, anayezungumza naye aje mbele yake, amguse mkono kwanza, ajitaje jina, aseme polepole upande wa sikio zuri bila kupiga makelele, ukelele waharibu maneno. Mzee mwenyewe akae na dirisha nyuma ya mgongo wake ili mwanga uwaangukie wengine nyusoni. Watoto wasizungumze juu ya kichwa chake kama vile hayupo. Adhana asiyoiskia simu yaweza kumtetemeshea mfukoni kila wakati wa swala, mjukuu yeyote ataweza kuiweka. Na baraza, muombe rafiki yake mmoja tu, yule wa kweli, awe akaa bega kwa bega naye na kumrudishia mazungumzo sikioni, nani amesema nini na wamechekea nini. Mmoja yuatosha kumrudisha mtu barazani. Lakini kwanza mama, muulize yeye ni rafiki gani amtaka.

*

Shangazi mie nauza leso Mtaa wa Biashara. Kuna dada haskii haoni, huja dukani na mdogo wake, hushikashika leso zangu muda mrefu na mie humuuliza yule mdogo wake aipenda rangi gani, sasa juzi yule dada aliudhika akaondoka. Nimekosa wapi?

Hukukosa kwa ubaya. Umemuuliza mwenzake, na anayenunua ni yeye.

Siku nyingine akija mguse nyuma ya mkono polepole, umwachie mkono wako aushike, ajue mwenye duka amekuja. Mpe leso moja moja mikononi azichague kwa kitambaa, wao wajua pamba kuliko sisi tunaoangalia maua. Halafu muulize mdogo wake swali moja tu, dadako asoma herufi za kiganjani? Wengi waliowahi kusoma huweza. Ukiambiwa ndio, fungua kiganja chake, na kwa ncha ya kidole chako uandike herufi kubwa, moja juu ya nyingine palepale katikati, ukimaliza neno pangusa kiganja kwa mkono wako kama wafuta ubao. Rangi mwandikie. Bei mwandikie. Na leso si rangi tu, leso ni jina lake, mtu hanunui leso bila kujua imesemaje, na huyu dada miaka yote labda amevaa majina ya watu hajui yasema nini. Mwandikie jina. WEMA HAUOZI ni herufi 10 tu, hata kama kuna wateja wamepanga laini mlangoni.